Hesabu ya Kuhama Fani: Barua kwa Mpwa

Biharamulo,
Juni 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Mkazamjomba wako anakusalimu, na wadogo zako wanauliza utakuja lini na ile laptopu yako.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Nimeona nikujibu kwa karatasi, maana jibu lina hesabu nyingi, na hesabu za kusikia hupotea kabla hujafika ya pili. Barua nimempa kondakta wa basi la asubuhi linalopita Lusahunga, ataiacha stendi ya Ngara.

Kabla ya yote, kaa na mama yako umweleze vizuri. Amenipigia simu kwa sauti ya chini, anasema kijana amemwambia bibi yake kwamba upanga umemchosha, sasa anataka kuwa mchawi. Mpwa wangu, katika nyumba yetu neno hilo halitamkwi sebuleni bila utangulizi. Anza kwa kusema ni mtu wa kwenye kompyuta, ndipo uendelee. Mimi nimemtuliza, nikamwambia kijana anapiga hesabu tu. Sasa tusimfanye mwongo mjomba wako. Tupige hesabu kweli.

Una Kensai, yaani mpiganaji wa upanga, binadamu, katika mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate II, na unataka akifika ngazi ya 13 ahamie kwenye uchawi, kwa sababu rafiki yako wa Kabanga amekuambia hakuna mhusika mwenye nguvu kumzidi huyo. Rafiki yako hakudanganya. Ila amekuonyesha mwisho wa safari bila kukutajia nauli. Nami ninalotaka kukuambia ni moja tu: anayehama fani asipange kwa kutazama atakuwa nani mwishoni. Atazame ataishije pale katikati, wakati fani ya kwanza imefungwa na ya pili bado haijaanza kumlisha.

Tuanze na sheria, maana nyingine hukuzitaja.

Mchezo huu ulitoka mwaka 2000, na ule wa kwanza ulitoka 1998. Yote miwili inafuata toleo la pili la kanuni za Advanced Dungeons & Dragons, lililochapishwa 1989. Kwa kanuni hizo, binadamu peke yake ndiye anayeweza kuhama fani. Elfi, nusu-elfi na mbilikimo wao hushika fani pacha, yaani mbili kwa pamoja tangu siku ya kwanza, lakini kuhama hawaruhusiwi. Binadamu akihama, anaanza upya ngazi ya 1 katika fani mpya. Pointi zake za uhai anabaki nazo, kwa hiyo hafi kirahisi kama mchawi mchanga wa kawaida. Lakini ujuzi wake wa zamani unafungwa wote: ulengaji, nyota za silaha, mapigo ya ziada. Utafunguliwa siku fani mpya itakapoipita ya zamani kwa ngazi moja. Kensai aliyehama akiwa wa 9 anarudishiwa upanga wake akiwa mchawi wa 10. Aliyehama akiwa wa 13 anasubiri mpaka awe mchawi wa 14. Na tangu siku ya kuhama, fani ya kwanza haipandi tena ngazi hata moja.

Kuna na sharti la mlangoni. Unatakiwa uwe na 15 katika sifa kuu ya fani unayoiacha, na 17 katika sifa kuu ya ile unayoiendea. Kwa mpiganaji anayekwenda kwenye uchawi ni nguvu 15 na akili 17. Hapo wengi wanakwama, kwa sababu ile akili 17 unailipia siku ya kumuumba mhusika, wakati mpiganaji hana kazi nayo. Anaibeba kichwani muda wote anaokata watu kwa upanga, haimsaidii kitu, na pointi hizo zingeweza kwenda kwenye wepesi au afya. Fungua ukurasa wa mhusika wako sasa hivi, kabla hujasoma mstari unaofuata. Ikiwa ni 16, mlango umefungwa. Ikiwa ni 17, endelea kusoma. Ikiwa ni 18, heri zaidi: mwenye 17 akijaribu kujifunza uchawi kutoka kwenye hati ana asilimia 75 za kufaulu, mwenye 18 ana 85, na hati ikishindikana ndiyo imekwenda.

Sasa chukua kalamu.

Kwenye jedwali la uzoefu Kensai ni mpiganaji kama wengine. Anafika ngazi ya 9 akiwa na pointi 250,000, na ya 13 akiwa na 1,250,000. Mchawi anafika ngazi ya 10 kwa pointi 250,000, na ya 14 kwa 1,500,000. Na Shadows of Amn, ile sehemu kuu ya mchezo, ina dari yake: ukifikisha pointi 2,950,000 hupandi tena.

Ukihama ukiwa wa 9, utatumia 250,000 za upanga na 250,000 za uchawi. Jumla 500,000. Kabla ya kugonga dari zinabaki 2,450,000 za kutembea ukiwa kamili, upanga huku na uchawi huku.

Ukihama ukiwa wa 13, utatumia 1,250,000 za upanga na 1,500,000 za uchawi. Jumla 2,750,000. Zinabaki 200,000, yaani chini ya asilimia 7 ya safari nzima. Huyo anayesifiwa na rafiki yako utakaa naye muda wa kumuaga tu.

Najua utanijibu kwamba una toleo jipya, la Beamdog la mwaka 2013, lenye nyongeza ya Throne of Bhaal ndani yake. Sawa. Humo dari imepandishwa hadi pointi 8,000,000, na hapo hesabu ya 13 inapata maana, kwa sababu ukishakamilika zinabaki zaidi ya milioni tano. Ndiyo sababu nikasema rafiki yako hakudanganya. Lakini itazame katikati yake: pointi 1,500,000 ukiwa mchawi asiye na upanga, na zote unazikusanya humo humo ndani ya Shadows of Amn, kwenye hadithi uliyoinunulia mchezo. Katikati ya wa 9 ni pointi 250,000. Moja ni mara sita ya nyingine. Je, unacholipia mara sita ni nini?

Tuorodheshe. Kensai huongezewa alama moja ya kulenga na moja ya madhara kila baada ya ngazi tatu. Wa 9 anazo tatu. Wa 13 anazo nne. Mpiganaji yeyote hupata nusu pigo la ziada kwa kila raundi akifika ngazi ya 7, na nusu nyingine akifika ya 13. Kwa upande wa uhai, mpaka ngazi ya 9 anarushiwa dadu la pande kumi kila anapopanda. Kuanzia ya 10 anapewa pointi tatu kavu. Kwa hiyo, mbali na ulengaji wa kawaida unaopanda kila ngazi na nyota moja ya silaha, kutoka 9 hadi 13 umenunua alama moja, nusu pigo, na uhai 12. Bei yake ni pointi milioni moja zaidi za upanga, na juu yake pointi 1,250,000 zaidi za kungoja. Sokoni bidhaa hiyo ningeigusa na kuirudisha mezani.

Umeuliza pia kama ungefanya vizuri kuanza upya na elfi mwenye fani pacha. Hili hata bibi atalielewa, maana ni mambo ya shamba. Fani pacha ni migomba iliyopandiwa maharage katikati: mvua ni moja, samadi ni moja, unavuna vyote viwili, na kila kimoja kinapungua kidogo kwa ajili ya mwenzake. Kuhama ni kuliacha shamba la kwanza ukafyeke pori jipya, na msimu wa kufyeka huvuni kokote.

Sasa angalia namba zilivyo. Mpe elfi pointi 500,000. Zinagawanyika nusu kwa nusu, anakuwa mpiganaji wa 9 na mchawi wa 10. Kensai aliyehama akiwa wa 9, naye akiwa na pointi 500,000, yuko hapo hapo: 9 na 10. Wamefika njia panda pamoja, tofauti ni kwamba elfi hakulala njaa hata siku moja. Kuanzia hapo ndipo wanaachana. Pointi zote za binadamu sasa zinaingia kwenye uchawi peke yake, na za elfi zinaendelea kugawanyika. Wakigonga dari ya 2,950,000, elfi ni mpiganaji wa 13 na mchawi wa 13, na binadamu ni mpiganaji wa 9 na mchawi wa 17. Mchawi wa 13 anaishia kwenye uchawi wa daraja la sita. Wa 17 anatumia wa daraja la nane.

Basi jiulize unamtaka nani. Ukimtaka mpiganaji anayejua na uchawi, elfi hana ubaya wowote, na usimsikilize anayemdharau. Ukimtaka mchawi mkubwa mwenye mwili wa mpiganaji, hama, na uhame mapema. Kitu kisichofaa ni kuhama ukiwa umechelewa, maana hapo umelala njaa kama binadamu na kuvuna kama elfi.

Kwa Kensai mwenyewe ulichagua vizuri, nakusifu. Kensai amekatazwa kuvaa deraya na kutumia silaha za kurusha. Mchawi naye hawezi kufanya uchawi akiwa ndani ya deraya. Katazo la fani ya pili halikunyang'anyi kitu ulichokuwa nacho, na uchawi kama Stoneskin na Mirror Image unaikinga ngozi ile ile ambayo fani ya kwanza iliiacha wazi. Angehamia ukuhani, mambo yangekuwa mengine: kuhani haruhusiwi silaha zenye makali, hata baada ya upiganaji kufunguliwa. Nyota zako zote ulizoweka kwenye katana zingebaki pambo. Ukipanga fani mbili, usiangalie kila moja inakupa nini tu. Soma makatazo yao sambamba, uone yapi yanagongana.

Tuje kwenye kuishi katikati, maana hapa ndipo mpango unapofaulu au kufa. Nina mambo matatu.

La kwanza ni hati. Katika Baldur's Gate II, mchawi akijifunza uchawi kutoka kwenye hati anapata pointi 1,000 kwa kila daraja la uchawi huo. Hati kumi za daraja la nne ni pointi 40,000, na pointi 40,000 zinamfikisha mchawi ngazi ya 6 bila kuinua fimbo. Kwa hiyo tangu leo, ukiwa bado Kensai, usiuze hati hata moja. Kila unayoiokota iingie mfukoni. Ukiwa katika mji wa Athkatla, pita duka la Adventurer's Mart kila unapokuwa na dhahabu. Utaonekana mjinga, mtu wa upanga anayebeba makaratasi asiyoweza kuyatumia. Vumilia. Siku ya kuhama utakaa chini uyasome yote kwa mkupuo mmoja, na ngazi zile za mwanzo ambazo panya anaweza kumuua mchawi utazipita ukiwa umeketi.

La pili ni wenzako. Ukiwa katikati, kuna mtu lazima asimame mbele yako. Mchezo wenyewe unakupa wawili katika shimo la mchawi Irenicus mwanzoni kabisa: Minsc, yule jitu wa maneno mengi na kipanya chake Boo, na Jaheira, ambaye ni nusu-elfi wa fani pacha, mpiganaji na druidi. Wape silaha nzuri kabla ya siku ya kuhama, hata kama moyo unakuuma kuuvua upanga wako kiunoni. Utakuwa hauna matumizi kwako kwa muda. Jua pia kwamba uzoefu wa kuua adui hugawanywa kwa idadi yenu. Adui wa pointi 12,000 anakupa 2,000 mkiwa sita, na 3,000 mkiwa wanne. Wanne wenye nguvu watakuvusha haraka kuliko sita, lakini wakiwa dhaifu hamtavuka kabisa. Usipunguze watu ili kuharakisha, ukajikuta umempunguza yule aliyekuwa anakukinga.

La tatu ni mahali. Usihamie shimoni. Hamia mjini, ukiwa na kazi kadhaa za Athkatla ulizoziweka akiba kwa makusudi, zile za kutembea na kuongea zaidi kuliko kupigana. Zipo nyingi, na watu wengi huzimaliza mapema kwa sababu ni rahisi. Wewe ziache. Urahisi huo utauhitaji baadaye kuliko sasa. Mhusika mpya wa Shadows of Amn anaanza na pointi 89,000, yaani Kensai wako alianza akiwa wa 7. Zinahitajika pointi 161,000 tu kumfikisha 9. Zipate kwenye kazi za mapigano, wakati upanga ungali wako.

Na kabla ya kubonyeza, hifadhi mchezo kwenye nafasi yake pekee, uipe jina, usiifute. Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023 ina Withers, anayekuvua fani zako zote kwa dhahabu 100 ukapanga upya. Huo wako wa zamani hauna mtu wa namna hiyo.

Sasa nikuambie habari ya watu walioutengeneza. Kampuni ya BioWare ilianzishwa mwaka 1995 huko Edmonton, Kanada, na madaktari watatu, madaktari wa kweli wa kutibu watu: Ray Muzyka, Greg Zeschuk na Augustine Yip. Programu zao za mwanzo zilikuwa za kufundishia udaktari, kisha wakaingia kwenye magemu. Kwa hiyo walioiingiza sheria ya kuhama fani kwenye mchezo huu walikuwa wenyewe njiani kuhama. Lakini tazama walivyovuka. Kampuni ilipokuwa changa waliendelea kutibu wagonjwa. Sindano iliwalisha mpaka kompyuta iliposimama. Yip baadaye alirudi kwenye udaktari. Wawili waliobaki wakaiendesha BioWare hadi 2012, ndipo wakaondoka, na Zeschuk akaingia kwenye utengenezaji wa bia huko huko Edmonton. Bibi akisikia kuna daktari aliyeacha sindano akapika bia, atasema angekuja kwanza Ngara aonjeshwe rubisi.

Wale madaktari waliishi kwa fani pacha mpaka walipokuwa na uhakika, ndipo wakahama. Mchezo haukuruhusu njia hiyo. Kitabu chenyewe cha kanuni, kile cha kuchezea mezani kwa dadu na karatasi, kiko katikati ya mawili hayo: aliyehama anaweza kuutumia ujuzi wa zamani akibanwa, ila pambano atakaloutumia halimpi uzoefu. Kwangu mimi hiyo ndiyo sheria inayofanana na maisha kuliko zote. Hakuna anayekufungia ulichokijua. Unakitumia, unaokoka siku hiyo, na siku hiyo hujajifunza kitu.

Kuna jambo jingine mchezo unakupa ambalo watu wazima wa kwetu hawakuwahi kupewa, nalo ni dari. Wewe unajua tangu mwanzo kwamba safari inaishia 2,950,000 au 8,000,000. Muulize mama yako habari za mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikawa kubwa kuliko mji wa Bukoba. Mashirika yakaja, yakataka makarani, madereva, wakalimani, watunza ghala. Walimu na wahudumu wa afya wengi wa Ngara wakaacha kazi zao wakaenda kambini, kwa sababu mshahara wa kule ulikuwa mbali na wa serikali. Wakaanza ngazi ya 1 katika kazi ambazo hawakuwahi kuziota. Kisha Desemba 1996 Wanyarwanda wakarudishwa kwao, na kazi nyingi zikaondoka nao. Za kambi za Warundi kama Lukole zikaendelea kwa miaka, nazo zikaja kwisha.

Sisemi walikosea. Wapo waliotoka kambini na leseni ya udereva, na Kiingereza, na ujuzi wa kompyuta, wakaenda navyo mbali. Wapo waliorudi kuomba chaki. Wote walipiga hesabu kwa namba walizokuwa nazo, na namba moja ilikosekana kwenye karatasi zao zote: barabara hii ina urefu gani. Aliyehama mapema akapata muda wa kukomaa kabla kambi hazijafungwa alifaidi. Aliyehama 1996 katikati alijikuta kwenye hesabu ile ya pointi 200,000.

Mama yako amenigusia pia kwamba unafikiria kufunga kibanda chako cha kutengeneza simu uende kusomea umeme, kwa kuwa huko kwenu kila anayekutana na mwenzake anazungumzia nikeli ya Kabanga, na pale Rusumo mitambo ya megawati 80 inagawa umeme kwa nchi tatu. Hilo hukuniuliza, kwa hiyo sitakupa jibu. Lakini kalamu bado unayo mkononi. Andika chuo kitachukua muda gani, na baada ya chuo ni muda gani mpaka mtu akuamini na waya za nyumba yake. Muda huo wa pili watu huusahau, na mara nyingi ndio mrefu. Andika nani atasimama mbele yako wakati huo. Andika una hati gani mfukoni tayari: anayejua kusoma saketi ya simu hafiki kwenye umeme mikono mitupu. Na angalia makatazo. Kibanda hakitafungwa na sheria yoyote, wateja watakupigia simu hata ukiwa darasani, na kila ukitoka kwenda kuwatengenezea umelipwa siku hiyo lakini hujapanda ngazi. Pengine dawa ni Jumamosi tu. Pengine ni kumwachia mwingine kibanda kwa mgawo. Wewe ndiye unayezijua namba.

Kuhusu Kensai, ushauri wangu ni huu: hama ukiwa wa 9, mjini, na mfuko umejaa hati. Ukikaidi ukangoja 13, sitakasirika, ila usinipigie saa nne usiku kulalamika kwamba joka limekuua na fimbo yako ya mti.

Ukiamua, nitumie kwanza namba tatu: akili ya mhusika wako, idadi ya hati ulizo nazo na madaraja yake, na pointi ulizo nazo leo. Nitakupigia hesabu ya katikati yako nikuambie itakuwa ndefu kiasi gani. Picha ya upanga wako mpya usinitumie. Bando langu ni dogo.

Msalimie mama yako, mwambie simu yake nimeifanyia kazi. Msalimie sana bibi, na ukimweleza tena habari za mchezo, anza na Minsc na kipanya chake. Huyo atampenda.

Ni mimi,
Mjomba wako